Simu ya video isichukue nafasi ya mizani

TANGU WhatsApp ilipoanzisha huduma ya simu za video mwezi Novemba 2016, huduma hiyo imeingia pia katika biashara ndogo. Leo si ajabu kumwona mfanyabiashara wa Masasi au Newala ameinua simu juu ya gunia ili mteja aliyeko Dar es Salaam auone mzigo.

Hatuna sababu ya kuibeza huduma hiyo. Inaokoa nauli na siku nzima ya kazi. Hata hivyo, wakulima na wafanyabiashara wadogo hawana budi kujua mipaka yake kabla hawajaitegemea katika jambo linalohusu fedha zao.

Mpaka wa kwanza ni gharama na mtandao. Simu ya video, hata ile ya picha hafifu, ikitumia kilobiti 300 kwa sekunde kila upande, humaliza karibu megabaiti nne na nusu kwa dakika moja. Dakika 10 ni megabaiti 45. Picha tatu za kawaida zinazotumwa kwa WhatsApp mara nyingi hazifiki hata megabaiti mbili. Aidha, mahali ambapo mnara unatoa mtandao wa kizazi cha pili tu, sauti itasikika lakini video haitakwenda. Na jioni, wengi wanapoutumia mnara mmoja, picha hugandaganda huku bando likiendelea kuliwa. Mwenye kitochi hayumo kabisa.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi: kamera haipimi. Kwa korosho zilizobanguliwa, mteja anaweza kuona kama ni nzima au vipande, lakini hawezi kujua uzito, unyevu wala harufu. Kwa korosho ghafi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ubora wake umo ndani ya ganda. Ni lazima sampuli ikatwe, kiini kikaguliwe na unyevu upimwe kwa kifaa chake. Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia, na mbuzi wa kwenye kioo cha simu hana tofauti kubwa na huyo.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi hata korosho huuzwa kwa kompyuta. Ni kweli. Kuanzia msimu wa 2024/2025 mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) umetumika katika minada ya korosho. Lakini mnunuzi katika mnada huo hategemei picha. Nyuma yake upo mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007: mzigo umeshapimwa, umepangwa kwa daraja, umehifadhiwa ghalani na una karatasi. Simu ya video haina ghala wala stakabadhi. Kwa hiyo anayempigia mkulima akitaka korosho ghafi kabla hazijafika chama cha msingi anafanya kangomba ile ile, hata kama simu yake ni ya gharama kubwa.

Shambani nako tahadhari inahitajika. Mkulima anaweza kumwonyesha bwana shamba mkorosho unaoumwa bila kumsubiri afike. Lakini chipukizi lililokauka kwa kufyonzwa na mbu wa mikorosho, likionekana kwenye kioo kidogo chenye picha inayotikisika, linaweza kudhaniwa lina ugonjwa wa ukungu. Salfa hutibu ubwiriunga, haiui mbu wa mikorosho. Uamuzi wa haraka utampotezea mkulima dawa, nguvu na maua ya msimu mzima.

Tunashauri yafuatayo. Kwa ugonjwa wa mmea, piga picha mnato za karibu, jua likiwa nyuma yako, zitume, kisha piga simu ya kawaida ueleze. Shaka ikibaki, peleka tawi kwa mtaalamu. Kwa biashara, tumia video kufahamiana na kuonyesha mzigo, lakini bei ya mwisho ifuate sampuli na mizani. Anayetuma fedha asitume zote kabla mtu anayemwamini hajaushika mzigo. Anayeuza naye asitoe mzigo kwa sababu ameonyeshwa noti kwenye kioo au picha ya ujumbe wa malipo. Akague salio lake mwenyewe kwanza.

Kampuni za simu nazo zinapaswa kuwaeleza wateja wa vijijini kwa lugha nyepesi bando wanalonunua linatosha dakika ngapi za video.

Simu ya video ni jicho la ziada, na jicho ni jema. Lakini gunia la korosho huuzwa kwa kilo.