Mhunzi wa Bunia si muuaji: apewe meza, apewe na muhuri

Bunia, Ituri – Kila mwezi wa sita, mjini Atlanta, Marekani, kunafanyika maonyesho makubwa ya visu yanayoitwa Blade Show. Mafundi wanapanga mezani visu walivyovifua kwa mkono, alama ya fundi ikiwa imepigwa kwenye chuma, na wanunuzi wanatoa mamia ya dola, hata maelfu, kwa kisu kimoja. Hakuna anayewauliza wanataka kumuua nani.

Huku Bunia, mhunzi anayetoa panga katika chuma cha gari bovu anatazamwa vingine. Watu wananunua kwake mchana. Jioni wanasema ndiye anayewapa wauaji silaha.

Maneno hayo hayakutoka hewani. Djugu imezika watu waliokatwa kwa mapanga, miaka ya 1999 hadi 2003, tena kuanzia mwisho wa 2017. Mama mjane aliye katika kambi ya Kigonze hawezi kuambiwa kwamba panga ni sanaa. Lakini panga la kiwandani linaloingia kupitia Uganda nalo linakata, na mwenye duka hashukiwi. Na bunduki, je? Ni mhunzi gani wa Ituri aliyezifua?

Sifa ya kazi hii si ya jana. Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Munza wa Wamangbetu, jirani hapo Uele, akastaajabia wahunzi wake. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walikusanya maelfu ya vitu kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, visu vikiwemo. Tervuren, Ubelgiji, navyo vipo. Mara nyingi jina la kabila limeandikwa, jina la aliyefua halipo. (Leo pia, nani Bunia anajua jina la aliyefua jembe lake?)

Mhunzi aliyekimbia Djugu hakubeba fuawe wala mivukuto kichwani. Alibeba watoto. Sasa yuko chini ya hema, mikono iko, kazi hakuna, na majirani zake wanangoja wagawiwe majembe yaliyonunuliwa mbali. Hiyo ni aibu. Mashirika yanayogawa majembe yanunue kwa wahunzi wa Bunia, na wale walio kambini wapewe nyundo, koleo na makaa waanze.

Viongozi wa jimbo nao wafungue siku moja ya maonyesho ya wahunzi, mbele ya watu wote, Wahema kwa Walendu, na kila panga litoke na alama ya aliyelifua. Wanaosema hali ya dharura iliyowekwa Mei 2021 hairuhusu mambo ya visu wafikiri tena: panga lenye alama likiokotwa penye damu, uchunguzi una mahali pa kuanzia. Lisilo na alama halisemi kitu.

Gharama si kisingizio. Muhuri ni kipande cha chuma kigumu chenye herufi mbili, na mhunzi anaweza kujitengenezea mwenyewe.