Simu yangu haijui mawe

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata ili niseme jambo moja kuhusu programu za hali ya hewa zilizo kwenye simu zetu. Ukiishi huku kwenye nchi ya chai, kati ya Kericho na Bomet, utaona kwamba karibu kila siku ya msimu wa mvua zinatoa jibu lile lile: kawingu kadogo, matone matatu, na alama ya radi ya manjano. Asilimia 60. Kesho asilimia 65. Mimi ningeweza kuandika programu kama hiyo kwa mistari mitatu, bila setilaiti yoyote: kama mahali ni Kericho, na saa ni nane mchana, andika mvua.

Wala sisemi kwamba inadanganya. Mvua inanyesha kweli. Taabu ni kwamba inajibu swali ambalo huku hakuna aliyeuliza. Mama yangu ana chai yake upande wa Bureti, ekari moja na kitu, na majani yake yanaenda kiwanda cha wakulima wadogo. Sijawahi kumsikia akiuliza kama itanyesha. Anachouliza ni: leo ni maji au ni mawe?

Kama wewe ni wa Nairobi huenda unaona ni mambo ya kuokota barafu na kupiga picha. Basi sikiliza. Kinachochumwa kwenye mchai ni ile sehemu changa ya juu, majani mawili na chipukizi, na hiyo ndiyo inayopigwa kwanza. Mawe ya dakika kumi tu yanatosha. Mchai unabaki umechanika, na zinapita wiki kadhaa kabla haujatoa machipukizi mengine ya maana. Wachumaji wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo wiki hizo na wao hawana kitu. Usiniambie achume yote mapema akwepe. Chai ina duru yake, wiki moja au mbili kutegemea msimu, na ukiwahi kuchuma unapata kilo chache halafu unauchosha mchai. Kwa hiyo kila asubuhi mama anafanya hesabu: aite wachumaji wawili wa kawaida, au aite watano wamalize kabla ya saa saba? Akiita watano na mawe yasije, ametumia pesa bure. Akiita wawili na mawe yaje, ndiyo hivyo tena.

Sasa kwa nini sisi? Namba inayotajwa mara nyingi kwenye orodha za rekodi za dunia ni kwamba vilima vya Kericho hupata siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Siamini kwamba ni siku 132 juu ya paa moja. Nadhani ni ukihesabu eneo zima, huku leo na kule kesho. Lakini hata ukiigawa namba hiyo kwa kumi, bado ni mawe mengi kwa watu wanaokaa karibu na mstari wa ikweta.

Maelezo yenyewe ni matamu kuliko nilivyotarajia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya chai ya Kericho yanafika mita 2,000 na zaidi. Mchana jua likipasha nchi kavu, upepo wenye unyevu kutoka ziwani unapanda huku juu na kukutana na upepo unaotoka mashariki. Zikigongana, hewa haina pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana mvua yetu inakuja alasiri kama mfanyakazi mwenye saa nzuri. Halafu kuna jambo la kimo. Katika nchi za joto, barafu angani huanza kuyeyuka ikishuka chini ya mita 4,500 au 5,000 hivi. Jiwe linaloanguka kuelekea Mombasa lina karibu kilomita tano za hewa ya joto mbele yake, na likifika ni tone. Jiwe letu lina kama nusu ya safari hiyo. Linafika likiwa jiwe.

Watu hawakukaa tu kuangalia. Katika miaka ya 1960 huku Kericho yalirushwa maroketi yenye baruti kuelekea mawinguni, na mtaalamu wa hali ya hewa H. W. Sansom aliandika juu ya majaribio hayo. Baadaye zikaja ndege za kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha, ili mbegu za barafu ziwe nyingi, zigawane maji, na kila jiwe libaki dogo. Lilikuwa jaribio la miaka mingi, ila halikupangwa kwa bahati nasibu, yaani hawakuchagua kwa kura mawingu ya kunyunyizia na ya kuacha. Ukimwuliza mtu yeyote anayepima programu mbili ili ajue ipi ni bora, atakuambia tatizo liko wapi.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni hiki. Matone safi ya maji yakiwa madogo sana angani yanaweza kukataa kuganda hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Yanahitaji kitu cha kushikia, punje fulani. Mwaka 1982 Russell Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha makala kuonyesha kwamba takataka za majani yaliyooza chini ya michai ya Kenya ni chanzo cha punje hizo. Kwenye majani ya mimea huishi bakteria anayeitwa Pseudomonas syringae, na yeye anaweza kugandisha maji yakiwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ni hodari kiasi kwamba kuna bidhaa ya kutengenezea theluji bandia, Snomax, iliyotokana na yeye. Wazo likawa kwamba wachumaji wakipita shambani wanayatibua yale majani makavu, vumbi lake linapanda na hewa ya mchana, na huko juu linakuwa mbegu ya mawe. Yaani chai inatengeneza mawe yanayoipiga chai!

Nilipomsomea mama alicheka hadi akakalia ndoo. Kisha akauliza swali ambalo wahakiki wangeliuliza: kwani kabla ya chai hayakuwa yanaanguka? Hapo ndipo tunakwama. Chai ya biashara ilianza huku miaka ya 1920. Kabla yake palikuwa na msitu na malisho, na hakuna mtu aliyekuwa akihesabu siku za mawe na kuziandika. Tulicho nacho ni masimulizi. Hollis aliandika mwaka 1909 kwamba ndugu zetu Wanandi walijua radi mbili, moja njema na moja mbaya. Inayopasuka karibu ni ile mbaya ikitaka kushuka kuua watu, na inayounguruma mbali ni ile njema ikiwakinga. Ni maelezo mazuri, tena yana mantiki ya usalama, maana radi iliyo mbali kweli ina hatari ndogo. Lakini huwezi kuyachorea grafu.

Ndiyo maana maoni yangu ni haya, na mniwie radhi kwa ukali: acheni kuinunia simu, nunueni daftari. Modeli za dunia zinazolisha programu hizi hugawa nchi katika miraba. Ile mashuhuri ya kituo cha Ulaya, ECMWF, ina miraba ya kilomita 9 hivi, na ile ya Marekani, GFS, kama 13. Ndani ya mraba mmoja wa kilomita 9 kuna kijiji chetu, kijiji jirani, mito miwili, na shule zisizopungua nne. Mawe hupita kwa ukanda mwembamba. Ng'ambo ya mto wanalia, huku kwetu tunachuma. Kwa modeli, sisi sote ni namba moja. Hakuna seva popote duniani inayojua kama shamba la mama lilipigwa Jumanne, isipokuwa mtu wa hapa aandike.

Mimi nikiwa ni mimi, nilianza na mashine kabla ya daftari. Paa letu ni la mabati, na kila mtu aliyekulia chini ya mabati anajua kwamba mawe yana sauti yake. Mvua ni kishindo kimoja kinachoendelea, mawe ni punje punje. Nikachukua simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nikaifunga darini kwenye boriti, na nikaandika kijiprogramu kinachosikiliza maikrofoni na kuandika saa kinaposikia milio mifupi mingi yenye makali. Kinafanya kazi vizuri, ukiondoa msimu wa avokado, kwa sababu mti umeinamia paa. Mama alikitazama na kuuliza kina faida gani kumwambia mawe yameanguka wakati yeye amekaa chini ya paa lile lile na masikio yake mawili.

Ni swali la haki. Jibu ni saa. Masikio ya mama yanakumbuka mawe makubwa ya mwaka ule. Hayakumbuki kama yale madogo ya juzi yalianza saa nane au saa kumi na nusu, na hesabu yake ya wachumaji inategemea hilo. Kwa hiyo tukafungua daftari la shule la kurasa 96. Tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, ukubwa. Kwa ukubwa tulikataa vipimo vya Wamarekani vya sarafu zao na mipira ya gofu. Vyetu ni punje ya mahindi, harage, gololi, na yai la kuku wa kienyeji. Yai bado halijaandikwa, na lisije likaandikwa.

Simu ya darini inatoa saa, mama anatoa ukubwa, kwa sababu yeye ndiye anayetoka nje kuangalia. Nyuma ya ukurasa anaandika wachumaji na kilo, na pia nani ana deni la maziwa, kwa hiyo hifadhidata yetu ina jedwali moja zaidi kuliko nilivyopanga. Halafu majuzi nikakuta amepiga mstari kwa rula na kuongeza safu bila kuniuliza: upepo wa asubuhi umetoka wapi. Nilitaka niyaingize yote kwenye kompyuta usiku ule ule. Amekataa. Anasema mwaka uishe kwanza, ndipo ataamua kama nimestahili kuliona daftari lote.