Kuandikiana si kutoaminiana



Ndugu msomaji, hivi karibuni alitujia kijana mmoja baada ya Sala ya Ijumaa. Ni mfasiri. Hana mwajiri mmoja, bali huchukua kazi kwa huyu na kwa yule, nyingi zikipitia kwa wakala. Alikuwa amefasiri kitabu cha kurasa 140, akakikabidhi, na sasa ni mwezi wa tano hajauona ujira wake. Wakala anasema mteja hajalipa. Mteja anasema alikwishamlipa wakala. Tukamuuliza, "Mkataba wako uko wapi?" Akainamisha kichwa. "Sheikh, tulielewana tu. Ni ndugu zetu, niliona haya kuwataka tuandikiane."

Jibu hilo lilituchoma, kwa kuwa nasi tumo. Miaka ya nyuma kamati ambayo tulikuwa wajumbe wake ilimpa kijana kazi ya kupanga kurasa za kitabu cha madrasa. Hatukuandikiana. Alipomaliza tukamwongezea sura mbili, kisha tukamrudishia masahihisho mara nne, na alipotaja ujira tukamwambia kuwa kazi hii ni ya kheri, malipo yako kwa Mungu. Malipo ya Mwenyezi Mungu ni ya kweli, lakini hayakuwa mali yetu hata tuyatumie kufuta deni letu. Baadaye tulimtafuta tukamlipa, na kumtaka radhi kulikuwa kuzito kuliko fedha yenyewe.

Wapo wanaodhani kuwa kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Dini yetu haikufundisha hivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni la muda, nayo inaagiza liandikwe kwa uadilifu na kushuhudiwa, hata likiwa dogo. Wa kwanza kuambiwa hayo walikuwa masahaba, watu walioaminiana kuliko sisi.

Tumtazame pia Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Suratul Qasas inatueleza kuwa mzee aliyempa kazi alitaja atakachopata, yaani kuozwa binti yake, akataja na muda: miaka minane, na ikitimia kumi, basi ziada ni hiari ya Musa. Naye Musa akalithibitisha sharti hilo, akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Kazi ya ziada ilijulikana tangu mwanzo kuwa ni hiari. Lau kamati yetu ingefuata mfano huo, kijana yule asingedhulumiwa.

Katika fikihi, anayewafanyia kazi watu mbalimbali huitwa ajiri mushtarak. Ujira wake haufuati mwisho wa mwezi, unafuata kazi. Kazi isipoelezwa, ujira nao hukosa pa kusimama. Sheria za nchi nazo zinamtenganisha na mwajiriwa. Kwa Tanzania, likizo na notisi zilizomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni za aliyeajiriwa. Anayejitegemea hutegemea mkataba wake. Ni kweli kuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini maneno ya mdomo ni mazito kuyathibitisha pindi mmoja anapoyakana.

Basi kiandikwe nini? Kwanza kazi yenyewe: kurasa ngapi, masahihisho mara ngapi, na ziada italipwaje. Pili ujira, na iwapo kiasi hicho ni kabla au baada ya kodi ya zuio. Tatu tarehe ya malipo. Kauli ya wakala kwamba "mteja akilipa, nasi tutakulipa" ni muda usiojulikana, na hiyo ndiyo gharar ambayo wanazuoni wametuonya nayo. Nne, mdaiwa ni nani, wakala au mteja; kijana wetu amekwama papo hapo. Tano, kazi itakuwa mali ya nani, na italipwa kiasi gani ikisitishwa katikati.

Tahadhari moja: baadhi ya mikataba huweka riba juu ya malipo yanayochelewa. Muislamu asiikimbie dhuluma akaangukia haramu. Apange malipo kwa awamu, sehemu ya kwanza kabla ya kuanza, na ya mwisho ilipwe wakati wa kukabidhi kazi.

Mkataba unamfunga pia mwenye kuufanya. Anayejitegemea akiahidi siku, aitimize. Wala asimpe mwingine kazi kwa siri huku jina likiwa lake. Hiyo ni khiyana.

Jambo hili limewagusa hata wasiokuwa wa dini yetu. Katika jiji la New York, tangu Mei 15, 2017, anayempa mtu wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi analazimika kisheria kuandikiana naye, na kama tarehe haikutajwa, kumlipa ndani ya siku 30 tangu kazi ilipokamilika. Sisi tuliotangulia kuagizwa tuna udhuru gani?

Tunaziomba kamati za misikiti, madrasa na taasisi zetu zianze: zisimpe kijana kazi hata ya siku moja bila karatasi yenye saini mbili. Mtume (S.A.W.) ametufikishia kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemtumia kibarua mpaka kazi ikakamilika, kisha akamnyima ujira wake. Nani kati yetu ataiweza kesi hiyo?

Wabillahi tawfiq.