Tusinunue Majina Manne



Katika mkutano uliopita wa tawi letu la Eldoret ilisemwa kwamba kila sehemu ijinunulie jina lake katika intaneti: wenzetu wa kiwanda cha nguo jina lao, wa mbao lao, wa maziwa lao, na ofisi yetu lake. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na nataka kueleza kwa nini.

Jina la tovuti halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Hukodishwa, nayo kodi hulipwa tena muda ukiisha. Majina manne ni kodi nne, tarehe nne za kukumbuka, na risiti nne za kumsumbua mweka hazina. Tukisahau moja, mtu mwingine aweza kulichukua. Nasema niliyoyaona. Tovuti yetu ya kwanza iliandikishwa na kijana fundi kwa jina lake mwenyewe. Akahama, barua ya kukumbusha malipo ikaenda kwake, jina likapotea. Mwanachama aliyetafuta mapatano ya mishahara akakuta matangazo ya kamari! Hata leo kuna wazee wanaoniuliza kama chama kimeanza bahati nasibu.

Sasa, njia iliyo rahisi. Mwenye jina moja aweza kutia maneno mbele yake bila kulipa kodi ya jina jingine. Tuseme jina letu ni chamachetu.or.ke. Majina ya .ke hutunzwa na KeNIC, na hiyo .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya biashara, kama .co.ke ilivyo ya makampuni. Basi sisi wenyewe twaweza kuandika nguo.chamachetu.or.ke, mbao.chamachetu.or.ke, na kadhalika, kila moja na kurasa zake na karani wake. Fundi huandika katika daftari la majina kwamba jina hili liende kwenye namba ya seva fulani. Ni kazi ya dakika chache, ingawa huenda zikapita saa kadhaa kabla watu wote hawajaona badiliko.

Lakabu ni jambo lingine. Hapo hatufungui ukurasa mpya. Twaupa ukurasa ule ule jina la pili. Watu wa Eldoret hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mji ulijulikana kwa namba ya shamba, 64, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo, na mwaka 1912 ukapewa jina Eldoret. Mwaka 2024 ukapata hati ya jiji, wala Sisibo halikufa. Mzee akisema anakwenda Sisibo, hapotei njia. Vivyo hivyo sisibo.chamachetu.or.ke litamfikisha msomaji pale pale pa eldoret.chamachetu.or.ke. Lakini lakabu ya namna hii, ambayo mafundi huiita CNAME, isiwekwe kwenye jina lenyewe lililo shina, kwa maana hapo ndipo pameandikwa pia mahali barua pepe zetu zinapopelekwa, nazo zaweza kupotea.

Tena, sehemu ikifungwa, jina lake lifutwe daftarini. Likiachwa likielekea kwa mwenye seva tuliyekwisha kumwacha, mhalifu aweza kukodi nafasi ile na kuwadai wanachama ada kwa jina letu halisi.

Wenzetu wa mbao wanaogopa kwamba mwenye shina aweza kukata tawi. Hofu hiyo ni ya haki, kwani ndivyo kitu hiki kinavyofanya kazi. Hata hivyo dawa si majina manne. Jina liandikishwe kwa jina la chama, si la mtu. Neno la siri liwe kwa katibu na mweka hazina wote wawili. Na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba jina la sehemu yo yote halitafutwa pasipo kura ya sehemu hiyo. Nitaileta hoja hii katika mkutano ujao, nami natafuta mwanachama wa kuiunga mkono, afadhali awe mtu wa mbao.