Mlango wa Vumbi

Barazani, na Salim Mwinyimkuu

Apitaye Keko, hapa Dar es Salaam, akaona vitanda, makabati na milango ya mninga ilivyopangwa kando ya njia, aghalabu husifu nakshi na kuulizia bei, na akiwa mdadisi sana huuliza kama mbao zilikauka vyema. Lakini ni nadra kumsikia mnunuzi akitaka kujua vumbi lililotoka katika mbao hizo limeingia katika vifua vya akina nani. Swali hilo si la anasa. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limelihesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu vilivyothibitika kuwaletea wanadamu saratani, na habari yenyewe ilianza kitambo kabla ya hapo, pale matabibu wa Uingereza, katika miaka ya 1960, walipobaini kwamba mafundi wa viti na meza wa mji wa High Wycombe na viunga vyake walipatwa na saratani ya pua, maradhi yaliyo adimu mno, kwa kadiri isiyoonekana kwa watu wa kazi nyingine.

Ghadhabu yangu, ikiwa msomaji ataniruhusu kuwa nayo, haiwashukii wasiokuwa na feni ya kuvutia vumbi, kwani wengi wao uwezo hawana. Yawashukia wale walioinunua, wakaiweka pembeni mwa karakana, kisha wakaiunganisha na mashine kwa mpira mrefu wenye mikunjo, uliozungushwa sakafuni, wakadhani kwamba faradhi wameitimiza. Hewa ndiyo ichukuayo vumbi, na ili isiliangushe njiani sharti ipite ndani ya bomba kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo ikipungua, maranda hulala chini ya bomba kama mchanga uachwao na mto uliofika bondeni, na njia huzidi kuwa nyembamba mpaka ikaziba. Mikunjo ya mpira huidhoofisha hewa kuliko bomba laini la urefu uo huo, na kila kona kali huongeza udhia. Kwa sababu hiyo fundi mwenye maarifa huutumia mpira kwa kipande kifupi tu, penye mashine ya kusogezwa, na tawi la bomba huliingiza katika bomba kuu kwa mshazari, likielekea huko iendako hewa.

Halafu kuna upana. Bomba la inchi 6 lina nafasi mara mbili na robo ya lile la inchi 4, hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuihakiki, walakini mashine nyingi ndogo huja na tundu la inchi 4, na mwenye nayo hulichukulia tundu hilo kama amri isiyopingwa. Hasha! Bati lakatwa, tundu lapanuliwa.

Tena mashine hazilingani. Randa humwaga maranda manene, nayo kwa kuwa yaonekana humtia bwana wa karakana hima ya kuyaondoa, ingawa pafu hayalifikii. Msumeno wa meza huangusha unga chini, lakini meno yake huubeba mwingine hadi juu na kumrushia fundi usoni. Basi kuuunganisha kwa chini peke yake ni kuifanya kazi nusu, na kifuniko cha juu nacho chastahili bomba lake. Msasa ndio wenye hila kuliko yote, maana unga wake jicho haliuoni, nao huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na ukiwa wa mvule huweza kuleta pumu na muwasho wa ngozi. Mfuko wa kitambaa chepesi huuzuia unga mnene na kuuachia ule mwembamba urudi ndani, hata feni yenyewe ikawa chombo cha kuusambaza. Wako wanaoutoa mfuko huo nje, na mama ntilie wa jirani akapata kitoweo asichokiomba.

Wenye feni ndogo watanena kwamba haitoshi mashine nne. Yatosha, maadamu kila tawi lina kilango chake, na vilango vya mashine zisizofanya kazi vimefungwa.

Najua pia nitaambiwa kwamba banda ni la kupanga. Sawa, lakini bomba la bati huning'inizwa kwa vishikizo na kufunguliwa siku ya kuhama, na juu ya hayo umeme unaozaliwa na msuguano wa vumbi huweza kuongozwa hadi ardhini, jambo lililo gumu kwa bomba la plastiki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri jukumu hili, wala si kijana mwanagenzi anayefagia. Basi aendaye kukopa fedha za randa aandike bomba, vilango na vishikizo katika waraka ule ule wa gharama, na kabla ya kulipa amwulize muuzaji tundu la vumbi lina upana gani, na liko upande upi wa mashine.