Mitego ya Umeme Ghalani: Tununue, Lakini kwa Masharti



Limezuka shauri miongoni mwetu, nalo linazungumzwa mabarazani na kwenye majamvi ya kuanikia, ya kwamba chama kitoe fedha kununua mitego ya umeme ya kuulia panya. Wako wasemao kuwa hizo ni fedha za kutupa, kwani panya tunao tangu zamani na paka wapo. Wako na wasemao kinyume chake, kwamba kila mwenye ghala na kila mwenye duka apewe wake. Mimi naona pande zote mbili zimepita kiasi. Mitego hii inafaa, walakini inafaa mahala pake tu, na kwa masharti ambayo tusipoyashika fedha zetu zitakuwa zimetupwa kweli.

Kwanza tuliondoe neno moja linalosemwa sana: "Panya hali karafuu, basi ana khasara gani?" Ni kweli kuwa karafuu kwa ukali wake si chakula chake. Lakini khasara ya panya haiko tumboni mwake. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hivyo ni lazima atafune kitu, na gunia halina nguvu mbele ya meno hayo. Likishatoboka, karafuu humwagika na kuchanganyika na taka za sakafu. Juu ya hayo hukojoa kila apitapo, na panya mkubwa mmoja aweza kuacha vipande vya kinyesi kiasi cha 40 kwa siku moja. Tena kinyesi hicho ni cheusi na kirefu, kimekaa kama karafuu iliyokatika kichwa. Kikishaingia ndani ya gunia, hata mchambuaji mwenye macho makali hatakiona chote.

Mnunuzi wa mwisho, aliye ng'ambo, hapimi kwa jicho. Wafanya biashara ya viungo wa Marekani wana kipimo chao cha usafi, na kinyesi cha wanyama hukipima kwa miligramu katika kila ratili. Sasa na tufikiri. Mchumaji amepanda juu ya mkarafuu na kuhatirisha shingo yake. Mama na watoto wamechambua makonyo usiku. Karafuu zimeanikwa siku nne, tano au zaidi, zikikimbizwa na mvua kuingizwa na kutolewa. Kisha kazi yote hiyo iharibiwe katika wiki mbili za kungoja ghalani! Hapana mkulima mwenye akili ambaye atalikubali jambo hilo.

Mtego wenyewe ni sanduku dogo mfano wa handaki. Ndani yake mna bamba za madini sakafuni, na chambo huwekwa mwisho kabisa. Panya aingiapo kufuata chambo hukanyaga bamba mbili kwa pamoja, na mwili wake ndio unaounga njia ya umeme. Hapo hupigwa kwa nguvu ya maelfu ya volti kwa muda mfupi, akafa, na taa ndogo ikawaka kujulisha kuwa mtego umenasa. Nguvu hiyo hutoka katika betri za kawaida kama za tochi, na seti moja ya betri nzuri hutegemewa kuua panya makumi kadhaa. Kwa hivyo mtego hautegemei umeme wa waya. Waya wa chini ya bahari uletao umeme Unguja ulipoharibika, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miji na mashamba yalikaa gizani. Mtego wa betri ungeendelea na kazi yake.

Faida yake kubwa juu ya sumu ni kuwa maiti hubaki ndani ya sanduku. Sumu nyingi zinazouzwa siku hizi hufanya kazi kwa kuizuia damu kuganda, na panya hafi ila baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo hutembea atakako, kisha hufia nyuma ya magunia au juu ya dari, akaoza huko. Bundi au paka akimla mgonjwa huyo, naye yumo khatarini. Tena panya ana desturi ya kubeba chakula na kukificha. Nani atatuhakikishia kuwa kipande cha sumu alichokibeba hakikuwekwa katika gunia la karafuu ambazo mtu atakuja kuzila? Kwa sababu hiyo naona sumu isiingie kabisa katika ghala la karafuu. Ama paka, ni rafiki mwema nyumbani, lakini ndani ya ghala naye ana kinyesi chake na manyoya yake, na kipimo cha mnunuzi hakitofautishi baina ya mnyama na mnyama.

Baada ya kusema hayo, nataja masharti.

La kwanza ni kuziba. Panya hupita penye tundu ambalo mtu hadhani, na panya mdogo wa nyumbani hupita hata penye tundu la upana wa kalamu. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu hivi, huzaa watoto sita, wanane au zaidi, na watoto hao nao wakitimiza miezi mitatu wako tayari kuzaa. Ikiwa mlango una mwanya chini na ukuta una ufa, mtego uuao panya mmoja kwa usiku hautashinda mbio hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi shilingi ya kwanza iende kwenye saruji, bati la kupigilia chini ya mlango na wavu wa chuma madirishani. Magunia yawekwe juu ya vichanja vya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili mtu apate kupita na kufagia nyuma yake.

La pili ni ukavu. Mtego huu ni wa ndani. Ukinyeshewa, au ukiwekwa penye sakafu yenye maji wakati wa masika, huharibika. Asidhani mtu kuwa atauweka kwenye jamvi la kuanikia au chini ya mkarafuu.

La tatu ni kujua tabia ya panya. Yeye hupenda kutembea pembeni ya ukuta, basi mlango wa mtego uelekee njia hiyo. Kadhalika panya mkubwa hukiogopa kitu kipya. Kwa hivyo mtego uwekwe siku kadhaa umezimwa, na chambo ndani, mpaka auzoee, ndipo uwashwe. Siagi ya njugu kidogo yatosha. Mwenye kuuwasha siku ya kwanza, kisha siku ya pili akasema haufai, hakuupa nafasi.

La nne ni mtu. Panya akishanaswa, mitego mingi ya aina hii hainasi mwingine mpaka autolewe. Lazima awepo mmoja anayeufungua kila asubuhi, kwa glavu mkononi, kwani panya wana maradhi yanayompata binadamu, azike maiti, afute bamba, na aandike katika daftari: tarehe, kona gani, wangapi. Mali bila daftari hupotea bila khabari. Daftari hilo ndilo litakalotuambia panya wanaingia upande gani, na kama wanapungua au sisi tunajidanganya.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni kubwa kuliko yote. Mtu akisikia "mtego wa umeme" asije akavuta waya kutoka ukutani mwake akajitengenezea wake. Betri za mtegoni ni ndogo na zimefungiwa ndani ya sanduku. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na haumwachi mtu. Huko Java, katika nchi ya Indonesia ambayo karafuu zake ni nyingi kuliko zetu, wakulima wa mpunga walizungusha nyaya zenye umeme kwenye mashamba kuua panya, na katika miaka ya karibuni watu wengi wamekufa kwa nyaya hizo, aghlabu mwenye shamba mwenyewe au jirani yake. Gunia zima la karafuu halilingani na mtoto mmoja aliyepita gizani.

Basi maoni yangu ni haya. Chama kisimnunulie kila mwanachama, kwani nyumba nyingi hazijazibwa na fedha zitapotea. Kianze na ghala letu la pamoja: lizibwe kabla ya msimu, kisha inunuliwe mitego minne, mmoja kila kona, na ateuliwe mtu mmoja wa kuishika na daftari lake. Msimu ukimalizika daftari lisomwe mbele ya mkutano. Likionesha manufaa, wenye maduka na maghala yao watanunua wenyewe bila kushawishiwa. Lisipoonesha, tutakuwa tumepoteza bei ya mitego minne tu, na ghala lililozibwa litabaki kuwa letu.

Wanachama wenye rai nyingine na wazilete mkutanoni, kwani karafuu ni zetu sote, na jina la karafuu za visiwa hivi ni amana mikononi mwetu.