Soma Vipimo Vyote Viwili Kabla ya Kutia Gazi



Hivi karibuni, hapa Obokote, nilimfunga fundi mmoja vidole vitatu. Havikuungua na moto, viliungua na baridi. Klimatizere ya motokari yake ilikuwa dhaifu, naye akatia gazi katika lupango lake bila glavu. Mpira ulipochomoka, gazi ya R-134a ikamrukia. Gazi hiyo huchemka kwenye digri 26 chini ya sifuri. Ikigusa ngozi huigandisha.

Na motokari haikukosa gazi! Vumbi la barabara lilikuwa limeziba kondansere. Ndoo ya maji ingetosha.

Mimi si mekanisie. Lakini mtoto akiletwa na homa, simpi dawa ya malaria kwa kuwa kipimo kimepanda tu, natafuta ugonjwa. Fanyeni hivyo na manometre. Wengi husoma ya buluu peke yake. Someni na nyekundu, motere ikizunguka:

— Zote mbili ziko chini: gazi imepungua. Tafuteni kwanza panapovuja.
— Zote ziko juu: gazi imezidi, au hewa imeingia, au kondansere imeziba, au ventilatere haizunguki. Kuongeza gazi hapa ni kuita ajali.
— Buluu juu, nyekundu chini: kompresere imechoka.

Motere ikizimwa, manometre zote mbili husawazika. Kwa joto la digri 30 hukaribia baa 7. Msidanganyike: namba hiyo husema gazi imo, haisemi ni kiasi gani.

Vaeni glavu na miwani. Fanyeni kazi penye upepo, watoto wakiwa mbali. Msivute sigara: gazi hiyo ikipita motoni hugeuka sumu. Tena ni nzito kuliko hewa. Ndani ya shimo la garaji hukaa chini na kumnyima mtu pumzi. Sisi watu wa mgodi tunaijua hatari hiyo.

Akiungua mtu kwa baridi, mtieni kidole katika maji ya vuguvugu, msikisugue. Jicho lisafishwe kwa maji mengi dakika 15, kisha mbio kwa munganga.

Maoni yangu ni haya: garaji isitoe chupa ya gazi kwa fundi asiyeandika namba zote mbili. Karatasi na kalamu ni bei rahisi kuliko vidole.